Homoni Huamuru, Chakula Hujenga: Siri ya Mnofu wa Nguruwe

Mnunuzi wa nyama ya nguruwe hutaka mambo matatu: mnofu mwingi, mafuta kiasi, na ladha njema. Mfugaji naye hutaka mambo mawili: nguruwe akue upesi, tena asimalize chakula chote cha nyumbani. Katikati ya hao wawili husimama mtu wa tatu, mwuza dawa. Yeye husema: «Chukua unga huu, au sindano hii, na baada ya majuma machache nguruwe wako atakuwa mnene kama pipa.» Je, asema kweli?

Swali hilo si dogo. Katika jamaa nyingi nguruwe wawili watatu walioko nyuma ya nyumba ndio karo ya shule, ndio nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitalini, ndio akiba ya siku ya taabu. Mtu akidanganywa katika jambo hili, hapotezi nguruwe tu, hupoteza na tumaini la mwaka mzima. Tena nyama hiyo huliwa na watoto. Basi yafaa tujue ni nini hasa kinachokuza mnofu wa nguruwe, na ni nini kinachoufanya uwe mwema au mbaya mezani. Wataalamu wa nchi nyingi wamelichunguza jambo hilo kwa muda wa miaka mia moja na zaidi, na majibu yao si magumu kufahamu.

Mnofu hukuaje?

Karibu robo tatu ya uzito wa mnofu mtupu ni maji. Sehemu moja hivi katika tano ni protini, ndicho kitu cha kujenga mwili. Mafuta yaliyomo ndani ya mnofu wenyewe ni kidogo, mara nyingi gramu 10 hadi 40 katika kilo moja. Mafuta mengi tuyaonayo hukaa mahali pengine: chini ya ngozi, kandokando ya figo na tumboni.

Mnofu umefumwa kwa nyuzi nyembamba kama unywele, maelfu kwa maelfu. Na ajabu ni hii: hesabu ya nyuzi hizo hutimia kabla nguruwe hajazaliwa. Nguruwe jike huchukua mimba siku 114, yaani miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu. Ifikapo siku ya 90 hivi, nyuzi karibu zote za watoto zimekwisha kuwekwa. Baada ya kuzaliwa nyuzi haziongezeki hesabu. Huongezeka unene na urefu tu. Kwa hiyo jike mwenye njaa huzaa watoto wadogo wenye nyuzi chache, na watoto hao hawatawafikia wenzao kwa mnofu, hata wakilishwa vizuri baadaye.

Mwili wa nguruwe hujenga kwa zamu: kwanza mifupa, kisha mnofu, mwisho mafuta. Nguruwe kijana akila, sehemu kubwa ya chakula chake huenda katika mnofu. Akikaribia ukubwa wake, chakula kinachozidi hugeuzwa kuwa mafuta. Ndiyo sababu nguruwe aliyezaliwa na kilo moja na nusu, akilishwa vema hata akafika kilo 100 kwa miezi sita, huwa na mnofu mwingi kuliko yule aliyekonda mwaka mzima kisha akanonoshwa kwa haraka. Lakini ni nani agawaye kazi hiyo mwilini, akisema hiki kiende mnofuni, hiki kiwekwe akiba? Ndipo tunapofika penye homoni.

Mjumbe wa mwilini

Homoni ni mjumbe. Hutengenezwa na tezi fulani, huingia katika damu, na kupeleka amri mahali pa mbali. Chini ya ubongo wa nguruwe, kama vile chini ya ubongo wa mtu, iko tezi ndogo iitwayo pituitari, ambayo haizidi ukubwa wa punje ya haragwe. Kati ya wajumbe wake yuko mmoja wa kukuza mwili. Wataalamu humwita somatotropini. Mjumbe huyo akifika katika ini, ini hutoa mjumbe mwingine anayehimiza nyuzi za mnofu kunenepa. Akifika penye mafuta, huyazuia yasijiwekee akiba mpya.

Mwaka 1921, huko California, Herbert Evans na Joseph Long waliwadunga panya maji yaliyotolewa katika tezi hiyo ya ng'ombe, na panya wakakua kupita kiasi. Mwaka 1955 wataalamu wawili wa Marekani, Turman na Andrews, walijaribu homoni hiyo kwa nguruwe, nao wakaona ya kuwa mnofu umeongezeka na mafuta yamepungua. Ila kazi haikuweza kuenea, kwa kuwa zilihitajika tezi za nguruwe wengi waliochinjwa ili kumdunga nguruwe mmoja tu. Katika miaka ya 1980 ndipo ilipopatikana njia ya kuifanya homoni kwa kutumia bakteria: waliingiza ndani ya kijidudu hicho chembe ya urithi ya nguruwe, kikawa kama kiwanda kidogo. Tangu hapo homoni ilipatikana tele, na majaribio yakawa mengi.

Matokeo yalikuwa makubwa kweli. Nguruwe waliodungwa kila siku katika miezi ya mwisho ya kukua kwao waliongezeka uzito kwa kasi, mara nyingi asilimia 10 hadi 20 kuliko wenzao. Chakula kilichotumika kwa kila kilo ya uzito kilipungua kwa asilimia 15 hadi 35. Mafuta ya mgongoni yalikuwa membamba. Mtu asomaye hayo aweza kusema: «Basi, shauri limekwisha, tuleteeni sindano!» Lakini ngoja kwanza.

Msimamizi asiye na matofali

Fikiri habari ya nyumba inayojengwa. Yuko msimamizi, wako waashi, yako matofali. Msimamizi akipaza sauti, waashi watafanya kazi kwa bidii zaidi. Lakini kama matofali ni mia moja, hata akipaza sauti mchana na usiku, nyumba haitapita matofali mia moja. Somatotropini ni msimamizi. Matofali ni chakula.

Wataalamu walilithibitisha jambo hilo waziwazi. Nguruwe waliodungwa walikula kidogo kuliko wenzao, ingawa miili yao ilidai protini zaidi. Basi walipopewa chakula chenye protini nyingi na njema, mnofu uliongezeka sana. Walipopewa chakula hafifu, sindano ilileta faida kidogo mno. Kwa maneno mengine, sindano haikumfaa nguruwe mwenye njaa; ilimfaa yule aliyekuwa amekwisha kulishwa kama mtoto wa mfalme. Mfugaji asiye na maharagwe ya soya wala samaki wa kumlisha nguruwe wake angetupa fedha yake bure.

Tena liko jambo jingine la kushika sana. Homoni hiyo ni protini. Ikiliwa, tumbo huimeng'enya kama limeng'enyavyo yai au nyama. Ndiyo sababu ilibidi kumdunga nguruwe sindano. Basi mtu akikuuzia «unga wa homoni ya kukua» wa kutiwa katika hori la chakula, jua ya kuwa ama unga huo si homoni hiyo, ama hauna kazi yo yote.

Na nyama yake je? Haikuwa sumu, kwa maana homoni ya nguruwe haiuamuru mwili wa mtu, na tumboni huyeyuka. Lakini ndani ya mnofu mafuta yalipungua, na katika majaribio mengine nyama ilikuwa ngumu kidogo mdomoni. Australia iliruhusu sindano hiyo. Jamii ya Nchi za Ulaya, iliyoanza mwaka 1981 kukataza homoni za kunonesha wanyama, ilikaza sheria yake mwaka 1988, nayo inashikwa hata leo. Na huko Marekani, ambako homoni kadhaa huruhusiwa kwa ng'ombe, hakuna iliyoruhusiwa kwa kukuza nguruwe.

Nguruwe wa Beltsville

Wako waliotaka kwenda mbele zaidi. Huko Beltsville, katika jimbo la Maryland, Wizara ya Kilimo ya Marekani ina mashamba makubwa ya utafiti. Wataalamu wake walijiuliza: kwa nini tumdunge nguruwe kila siku? Je, hatuwezi kumfanya azaliwe na homoni nyingi? Mwaka 1985 walitangaza ya kuwa wamefaulu kutia katika mayai ya nguruwe yaliyorutubishwa chembe ya urithi iamuruyo homoni ya kukua ya binadamu. Baadaye walifanya vivyo hivyo kwa ile ya ng'ombe.

Mwaka 1989 Vernon Pursel na wenzake walieleza yaliyowapata wanyama hao. Mafuta ya mgongoni yalikuwa machache sana kuliko ya nguruwe wa kawaida, na chakula kilitumika vizuri. Lakini miili yao ilikuwa ya kusikitisha. Walipata vidonda vya tumbo, viungo vyao viliuma na kuvimba, wakatembea kwa shida, mioyo ilitanuka, figo na ngozi ziliugua, na majike hawakuingia joto kama ipasavyo. Mnofu ulikuwako, lakini mwenye mnofu hakuweza kuishi vema.

Kwa nini? Katika nguruwe wa kawaida tezi haitoi homoni kama mto usiokauka. Hutoa kidogo, hupumzika, hutoa tena. Na mwili ukisema «yatosha», tezi hunyamaza. Katika nguruwe wa Beltsville amri ilipigwa bila kukoma. Msimamizi alipaza sauti usiku na mchana, hata nyumba ikaanza kuanguka. Hapo wafugaji wa dunia nzima walipata fundisho: kukua si jambo la nguvu tu, ni jambo la kipimo.

Unga wa kuondoa mafuta

Iko namna nyingine ya dawa ambazo watu huzichanganya na homoni. Hizo huliwa, nazo huufanya mwili uyeyushe mafuta na kujenga mnofu, kana kwamba mnyama amestushwa kila siku. Moja ni klenbuteroli, dawa ya kufungua pumzi. Huko China wafugaji wengine waliitia katika chakula cha nguruwe, wakiiita unga wa nyama isiyo na mafuta. Dawa hiyo hubaki katika nyama, na zaidi katika ini. Mwaka 2006, katika mji wa Shanghai, watu zaidi ya 300 waliugua baada ya kula nyama ya nguruwe waliolishwa hivyo. Mlaji wa nyama kama hiyo husikia moyo ukienda mbio, mikono ikitetemeka, kichwa kikiuma. Mwaka 2011 hila ile ile iligunduliwa tena katika mkoa wa Henan, ingawa sheria ilikuwa imekwisha kuikataza.

Ndugu yake ni raktopamini, iliyoruhusiwa Marekani kwa nguruwe mwaka 1999. Nguvu yake ni kidogo kuliko ya klenbuteroli, lakini Ulaya na China zilikataa kuipokea. Mwaka 2012, huko Roma, tume ya mataifa iwekayo kanuni za vyakula ilipiga kura kuamua kiasi kinachoweza kuvumiliwa katika nyama. Waliokubali walikuwa 69, waliokataa 67. Kura mbili tu! Mataifa yenye wataalamu wengi hayakuafikiana. Basi mfugaji wa kijijini, asiye na mizani wala maabara, asijidai kuwa na hekima kuliko wao na kuanza kuchanganya unga asioujua.

Homoni aliyonayo dume

Tusidhani, hata hivyo, ya kuwa kila homoni hutoka dukani. Nguruwe dume asiyehasiwa ana homoni zake mwenyewe, nazo humfanya awe na mnofu mwingi na mafuta machache, tena kwa chakula kidogo kuliko mwenzake aliyehasiwa. Mbona basi wafugaji huwahasi madume? Kwa sababu ya harufu. Dume akikomaa, makende yake hutoa kitu kiitwacho androstenoni, ambacho hujificha katika mafuta. Nyama ikitiwa motoni, harufu kama ya mkojo hujaza nyumba, na wageni huweka vijiko chini.

Harufu hiyo ina mwenzake aitwaye skatoli. Huyo hatoki katika makende. Hutengenezwa na vijidudu vya utumbo mkubwa, navyo hutumia mabaki ya protini. Hapa twaona jinsi homoni na chakula zinavyoshikana mikono. Dume akipewa kwa siku za mwisho chakula chenye wanga usiomeng'enywa upesi, kama vile viazi ulaya vibichi, skatoli hupungua. Na banda likiwa safi, asilale katika mavi yake, hupungua zaidi. Lakini androstenoni haiondoki kwa chakula. Kwa hiyo dume wa kuchinjwa ahasiwe angali mdogo, au achinjwe mapema kabla hajakomaa.

Chakula huingia nyamani

Sasa tutazame matofali yenyewe. Protini zote za mwili zimeundwa kwa vipande 20 viitwavyo asidi amino, kama vile maneno yote yaundwavyo kwa herufi chache. Mpiga chapa akiishiwa na herufi A, hawezi kupiga chapa neno BABA, hata akiwa na sanduku zima la herufi B. Vivyo hivyo mwili wa nguruwe ukikosa kipande kimoja tu, vingine vyote hukaa bure.

Kwa nguruwe alishwaye nafaka, kipande kikosekanacho kwanza huitwa laisini. Kilo moja ya mahindi ina gramu 80 hadi 90 za protini, lakini laisini yake ni gramu mbili na nusu tu. Nguruwe mwenye kilo 25 hadi 50 huhitaji gramu 9 au 10 katika kila kilo ya chakula chake. Mizizi ya muhogo ina protini chache kuliko hata mahindi. Ni wanga karibu mtupu. Mashudu ya soya yana laisini gramu 28 hivi kwa kilo. Basi hesabu ni nyepesi: anayemlisha nguruwe mahindi na muhogo peke yake humpa msimamizi na waashi, akamnyima matofali. Wanga huo haupotei; hugeuka mafuta. Matokeo yake ni nguruwe mfupi, aliyechelewa kukua, mwenye mafuta mazito na mnofu haba. Jirani atasema «mbegu yake mbaya», kumbe ni hori lililokuwa baya.

Hata hivyo protini ikizidi mno haileti faida. Ziada huchomwa mwilini na kutolewa katika mkojo, na fedha huenda nayo. Tena wataalamu waliona ya kuwa nguruwe akipunguziwa laisini kidogo katika majuma ya mwisho, mafuta laini huingia kati ya nyuzi za mnofu, na nyama hulainika mdomoni. Mafuta si adui. Nyama isiyo na mafuta hata kidogo ndani yake hukauka sufuriani kama kamba.

Na mafuta yenyewe hufanana na chakula. Ng'ombe ana tumbo linalobadili mafuta ya majani kabla hayajaingia mwilini; nguruwe hana. Mafuta aliyokula hupita na kukaa mwilini mwake karibu jinsi yalivyo. Mwaka 1926, huko Marekani, Ellis na Isbell walieleza kwa nini nguruwe waliolishwa karanga na soya walikuwa na mafuta teketeke, yasiyoganda vizuri. Mafuta ya namna hiyo huchacha upesi, na nyama haifai kukaushwa kwa moshi. Samaki wakizidi, nyama yote hunuka samaki. Kinyume chake, huko Hispania, nguruwe weusi huachwa msituni tangu Oktoba au Novemba wale matunda ya mialoni. Mafuta yao huwa mororo na yenye harufu nzuri, na paja moja lililokaushwa huuzwa kwa bei kubwa duniani. Hakuna sindano iliyofanya hivyo. Ni chakula na muda.

Saa ya mwisho

Kazi ya miezi sita yaweza kuharibika kwa nusu saa. Katika mnofu wa nguruwe aliye hai mna akiba ya sukari. Akichinjwa, sukari hiyo hugeuka asidi polepole, na asidi hiyo huifanya nyama iwe laini na isioze upesi. Wataalamu huipima kwa kipimo cha pH, nacho hushuka toka 7 hadi 5 na nusu hivi kwa muda wa saa nyingi.

Lakini nguruwe akifukuzwa, akipigwa, akifungwa miguu na kuburutwa juani, homoni nyingine huingia kazini: adrenalini, homoni ya hofu. Sukari huwaka mara moja, asidi huja ghafula nyama ingali moto, na protini huharibika. Nyama huwa nyeupe, teketeke, yenye kutoa maji. Ikipikwa husinyaa, na kilo aliyonunua mama hupungua sufuriani. Na kama nguruwe ametaabishwa tangu jana, bila maji wala kupumzika, sukari huwa imekwisha kabla ya kisu. Hapo asidi haiji kabisa; nyama huwa nyeusi na kavu, nayo huoza upesi.

Wako nguruwe wanaozaliwa na udhaifu huo. Katika nchi ya Ubelgiji kiko kijiji kiitwacho Piétrain, ambacho kimeipa jina lake jamii ya nguruwe wenye madoa, wenye mapaja makubwa ya kustaajabisha. Wengi wao walikuwa na ila: wakitishwa kidogo hutetemeka, hukakamaa, na wengine hufa njiani, na nyama yao huwa nyeupe yenye maji. Mwaka 1991 wataalamu wa Kanada walionyesha chembe ya urithi iletayo ila hiyo, na tangu hapo wafugaji wamepata njia ya kuwachagua wazazi wasio nayo. Hapo tena twaona lile tuliloliona Beltsville: mnofu ukitafutwa peke yake, mengine hudai deni lake.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tujihadhari na dawa za watu tusizoziamuru. Jirani zetu wa Uganda walikuwa na habari ya kuhuzunisha: mwaka 2023 wabunge wao walielezwa ya kuwa wafugaji wengine walikuwa wakiwapa nguruwe na kuku dawa za wagonjwa wa UKIMWI, ili kuwanenepesha na kuwakinga na homa ya nguruwe ya Afrika. Homa hiyo haina dawa ya kuiponya. Vidonge hivyo vilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa. Kumpa nguruwe ni kumnyang'anya mtu uzima wake, na kumlisha mwingine dawa asiyoihitaji. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo si chakula cha mnyama. Si kusema kila sindano ni mbaya. Maziwa ya nguruwe yana chuma kidogo mno, na mtoto aliyezaliwa juu ya saruji, asiyechimbua udongo, hupungukiwa na damu. Sindano ya chuma katika siku zake za kwanza ni msaada wa kweli. Tofauti ni hii: sindano hiyo humpa matofali yanayokosekana, haidanganyi mwili.

Pili, tumtunze jike angali na mimba, kwa kuwa nyuzi za mnofu huhesabiwa tumboni mwake.

Tatu, tutafute laisini karibu na nyumba. Soya inafaa sana, lakini isitolewe mbichi, maana ina kitu kizuiacho tumbo lisimeng'enye protini. Ikaangwe au ichemshwe kwanza. Samaki wadogo wakavu wa maziwa yetu wana laisini nyingi; wapewe watoto wa nguruwe na vijana, kisha waondolewe katika majuma ya mwisho ili nyama isinuke. Majani ya viazi vitamu ni mema, tena hayana gharama. Majani ya muhogo yana protini pia, lakini yana sumu, basi yakatwekatwe na kuanikwa juani kwanza. Machicha ya bia na mashudu ya ngazi husaidia, ila hayatoshi peke yake.

Nne, makombo ya jikoni yachemshwe vizuri kabla ya kutolewa. Kipande kidogo cha nyama ya nguruwe mgonjwa chaweza kuingiza homa bandani, na nguruwe wote wakafa. Maji safi yasikosekane hata siku moja.

Tano, dawa ya kweli iliyoamriwa na mganga wa mifugo itumike kwa kipimo chake, na siku alizotaja kabla ya kuchinja zingojewe zote. Mnunuzi haoni dawa iliyo ndani ya nyama. Hutegemea uaminifu wa muuzaji.

Sita, nguruwe wa kuchinjwa aongozwe taratibu, apumzike kivulini, anywe maji. Upole huo hauna bei, nao huongeza bei.

Wazee husema: mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nguruwe ana tezi yake, nayo inajua kazi yake tangu azaliwe. Haihitaji kupigiwa kelele. Inahitaji kuletewa matofali. Mfugaji amjazaye jike wake chakula chema, amkaangiaye kijana soya, asiyetia horini kitu asichokijua jina, atauza nyama ambayo mama wa nyumba atainunua leo, na juma lijalo atarudi kuiuliza tena.